Siku moja ya hija Lourdes: namna ya kuliongoza kundi la mahujaji 40

Kosa kubwa la viongozi wa hija ni kujaza siku. Ratiba inaandikwa kwa mwendo wa kijana mwenye afya, kisha saa 6 mchana wazee wamechoka, padre anaharakishwa na nusu ya kundi haijulikani iliko. Lourdes, mji wa hija kusini mwa Ufaransa, panahitaji mpango wa namna nyingine. Panga kwa mwendo wa yule anayetembea polepole kuliko wote, na anza na mambo yenye saa zake maalumu. Katika msimu wa mahujaji, kuanzia Aprili hadi Oktoba, hayo ni matatu: Misa yenu, maandamano ya Ekaristi saa 11 jioni na maandamano ya mishumaa saa 3 usiku. Mengine yote yataingia katikati, na yasipoingia yaachwe.

Kuhusu saa, wengi hupotea hapa. Mbao za matangazo zinaandika 9.30, 17.00 na 21.00. Anayesoma 9.30 akaelewa saa 9 na nusu kwa Kiswahili atafika mchana, na Misa ya kimataifa ya Jumatano na Jumapili imekwisha tangu asubuhi. Kiongozi atangaze kila saa kwa Kiswahili pamoja na sehemu ya siku ("saa 3 na nusu asubuhi"), na kwenye karatasi ya ratiba aandike saa zote mbili kando kwa kando.

Usiku wa kuamkia siku yenyewe, gawa watu 40 katika vikundi 8 vya watu 5, kila kikundi na mkuu wake. Wakati wa kuhesabu, wakuu tu ndio wanaojibu: "kamili" au "pungufu mmoja". Kazi inakwisha chini ya dakika moja. Kuhesabu vichwa 40 katikati ya umati hakufai, kwa sababu watu wanasogea na hesabu ya pili haifanani na ya kwanza. Mtu mmoja awe mkia, atembee nyuma ya wote na asimpite yeyote hata akisimama kufunga kamba za viatu. Kila hujaji avae skafu ya rangi moja, na mfukoni awe na kadi yenye jina la hoteli, anwani yake kwa Kifaransa na simu ya kiongozi. Pasipoti ibaki hotelini mahali salama, nakala yake ndiyo itembee.

Misa ya kundi huombwa kwa ofisi ya mahujaji ya Patakatifu, yaani eneo lote la ibada la Lourdes, miezi kadhaa kabla, nanyi mnapewa kanisa na saa. Padre achukue hati ya utambulisho kutoka kwa askofu au mkuu wake wa shirika. Bila hiyo anaweza kukataliwa kuadhimisha. Afadhali aje na mavazi yake ya Misa, alba na stola. Hostia na divai vitapatikana sakristia, lakini Misale ya Kiswahili na masomo ya siku msitegemee kuvikuta huko. Vibebwe vilivyochapishwa, kwa sababu simu huishiwa chaji na mtandao hukatika. Nia za Misa zikusanywe jioni iliyotangulia, ziandikwe katika karatasi moja. Zikikusanywa mlangoni mwa kanisa zitakula dakika 15, na nje kundi jingine linasubiri zamu yake. Fikeni dakika 20 kabla.

Kutoka hapo nendeni Groto ya Massabielle, pango la matokeo ya Bikira Maria, ila historia isimuliwe kabla ya kuingia. Mahali pazuri pa kusimulia ni kwenye sanamu ya Bikira Maria Mwenye Taji, uwanjani mbele ya Basilika ya Rozari. Waambieni kwa ufupi: Bernadette Soubirous, msichana wa miaka 14, alitokewa na Bikira Maria mara 18 kati ya tarehe 11 Februari na 16 Julai 1858. Chemchemi ilipatikana tarehe 25 Februari, na tarehe 25 Machi Bikira Maria alimtajia jina lake, "Mkingiwa Dhambi ya Asili". Ndani ya Groto ni kimya kabisa. Foleni hupita kando ya mwamba, watu wanaugusa, na nyuma upande wa kushoto chemchemi inaonekana chini ya kioo. Anayesimama kupiga picha anawazuia wote walio nyuma yake, wakiwamo wagonjwa kwenye viti vya magurudumu. Mkubaliane tangu hotelini kwamba humo hakuna picha.

Mishumaa haiwashwi Groto penyewe. Mahali pa kuiwasha pako ng'ambo ya mto Gave, daraja likiwa karibu. Siku za watu wengi mshumaa mkubwa unapokewa na kuwashwa baadaye na wahudumu, kwa hiyo mkuu wa msafara asipange ibada ya kundi zima kuuwasha mmoja.

Maji ya chemchemi yanatoka kwenye mabomba karibu na Groto, bure. Kwenye mabafu, majengo ya kuogea maji hayo, kuna ibada iitwayo ishara ya maji: mhudumu anakumiminia mikononi, unanawa mikono, unanawa uso, kisha unakunywa. Foleni yake inaweza kumeza asubuhi nzima, hivyo msiweke mabafu na Njia ya Msalaba mlimani katika siku moja. Kama mnabeba maji kwenda nyumbani, kumbukeni kwamba lita 1 ni kilo 1 ya mzigo, na chupa inayozidi mililita 100 kwa kawaida hairuhusiwi kwenye mkoba wa ndani ya ndege. Chukueni chupa zenye mfuniko wa kuzungusha, acheni nafasi ya vidole viwili juu, fungeni kwa mifuko miwili ya plastiki na mziweke katikati ya nguo kwenye sanduku linaloingia chini ya ndege.

Chakula cha mchana hotelini kina saa yake na hakingoji. Baada ya hapo ni mapumziko hadi saa 8 na nusu, na yawe ya lazima. Viongozi wengi wanayafuta ili "kuokoa muda", kisha usiku wanabaki na watu 15 tu kwenye maandamano, sehemu ambayo wengi walivuka bahari kwa ajili yake.

Njia ya Msalaba ya mlimani ina urefu wa kilomita 1.5 na sanamu 115 za ukubwa wa mtu. Inapanda kweli, na baada ya mvua mawe huteleza. Ligawe kundi: wenye magoti mazima wapande na padre, wengine waende na katekista kwenye Njia ya Msalaba ya tambarare, kando ya mto. Asiachwe mtu kukaa benchi peke yake akisubiri.

Maandamano ya Ekaristi yanaishia katika Basilika ya Mtakatifu Pio wa Kumi, iliyo chini ya ardhi, na humo wagonjwa hubarikiwa kwa Sakramenti Kuu. Wagonjwa wenu wafikishwe nusu saa mapema ili wapate nafasi mbele, na kila mmoja awe na msindikizaji anayejua dawa zake na saa ya kuzimeza. Mwenye kisukari asitoke hotelini bila kitu cha kutafuna.

Kwa usiku, nunueni mishumaa yenye kikinga upepo cha karatasi. Ukiuinamisha karatasi inashika moto, kwa hiyo ushikwe wima hata wakati wa kuuinua kwenye kiitikio cha "Ave Maria". Lourdes pako chini ya milima ya Pirenei, mvua huja ghafla hata wakati wa joto. Koti la mvua linafaa kuliko mwavuli, ambao katika umati unachoma macho ya jirani.

Jambo la mwisho kupanga ni mahali pa kukutana. Mchana sanamu ya Bikira Mwenye Taji inafaa, lakini usiku haifai: maandamano yanaishia palepale, kati ya maelfu ya watu. Usiku kutaneni kwenye Lango la Mtakatifu Yosefu, wakuu wa vikundi wajibu hesabu, ndipo mtembee kwenda hotelini. Wanaotaka kurudi Groto, ambako saa hizo panatulia sana, waende wawiliwawili baada ya kumwambia kiongozi, na waulize mapokezi namna ya kufungua mlango wa hoteli ukishafungwa.