Windows 7 kwenye laptop ya zamani, bado inasukuma

Kama una laptop ya RAM GB 2 na Windows 7 usiitupe. Ila jua kwamba Microsoft waliacha kuihudumia tangu Januari 14, 2020, kwa hiyo mambo ya benki na M-Pesa fanyia kwenye simu, hapo sibishani na mtu.

Cha kwanza kabisa toa hard disk ya zamani weka SSD ya SATA (diski ya kisasa isiyozunguka, ya kuchomeka pale pale ilipokuwa ya zamani), hata ya GB 120 inatosha, hiyo peke yake inafufua mashine kuliko kitu kingine chochote. Ukishainstoo Windows upya weka Service Pack 1 (kifurushi cha marekebisho cha Microsoft), halafu apdeti ya KB4474419 inayoifanya Windows itambue sahihi mpya za programu, maana bila hiyo programu nyingi mpya zinagoma kuinstoo na utabaki unalaumu flashi bure. Brauza chukua Firefox 115 ESR (toleo la kuhudumiwa muda mrefu), Chrome yenyewe kwa Windows 7 iliishia toleo la 109. Andika msconfig kwenye Start uifungue, kwenye Startup (programu zinazojiwasha zenyewe mashine ikiwaka) toa tiki kwa visivyohitajika, ila antivairasi iache. Aero (madirisha ya kung'aa kama kioo) nayo zima, ni urembo tu.

Flashi za watu skani kwanza. Na mafaili yako kopi pembeni, leo, sio kesho.