Kujicheki matiti mwenyewe nyumbani, kwa akina mama wa Kigoma

Jamani akina mama na wadada, kuanzia Ujiji, Gungu, Mwanga mpaka kule Kibirizi kwenye dagaa, hili la matiti tusilionee aibu. Wengi tunasema "si haliumi, litaisha tu" na hapo ndo tunapoponzeka, maana uvimbe wa saratani ya titi mwanzoni mara nyingi hauumi kabisa, unakuta tu upo.

Kwanza siku. Ukikaribia hedhi matiti yanajaa na kuuma, ukijicheki utajitisha bure, kwahiyo subiri siku ya 7 hadi ya 10 ukihesabu tangu damu ilipoanza. Mama aliyekoma hedhi au mjamzito achague tarehe moja ya mwezi aishike hiyohiyo, na anayenyonyesha amnyonyeshe mtoto kwanza titi lipungue maziwa.

Vua nguo ya juu usimame mbele ya kioo penye mwanga, mikono chini, alafu inyanyue juu, alafu shika kiuno ukibane. Angalia kama ngozi imebonyea sehemu au imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu iliyokuwa nje imezama ndani, ina kidonda au ukurutu usiopona, au inatoa damu yenyewe. Titi moja kuwa kubwa kuliko lingine sio ugonjwa kama ndo ulivyo tangu usichana, tunachotafuta ni kitu kilichobadilika.

Sasa kupapasa, hapa usiwe na haraka. Lala chali, kunja kanga uiweke chini ya bega la kulia, mkono wa kulia peleka nyuma ya kichwa, titi la kulia unalipapasa kwa mkono wa kushoto. Tumia vidole vitatu vya kati, ile sehemu ya nyama sio kucha, na usifinye, ukifinya titi lolote utahisi lina donge. Anzia kwapani, shuka na kupanda kuanzia mtulinga mpaka chini ya titi hadi ufike katikati ya kifua, na kila sehemu unazungusha vidole kwanza kwa wepesi, kisha kwa nguvu kidogo, kisha kandamiza mpaka usikie mbavu. Upande wa juu kuelekea kwapani rudia tena, ndo saratani hupenda kutokea. Ukingo mgumu mgumu chini ya titi ni kawaida. Ukimaliza hamia la kushoto.

Ukikuta kitu usianze kulia, uvimbe mwingi wa titi sio saratani. Ila usikandike majani, usikande na maji ya moto, na tafadhali usifiche eti mume atasemaje. Nenda kituo cha afya, wakiona inafaa watakuandikia hospitali ya mkoa, Maweni, kwa ultrasaundi, na ikibidi kinachukuliwa kinyama kikapimwe. Wa huku kwetu wakihitaji matibabu ya saratani wengi hupelekwa Bugando, Mwanza.

Na hata kama hujakuta kitu, siku ukienda kliniki ya uzazi wa mpango mwombe nesi akucheki pia, mkono wake umezoea. Ukiwa umeambiwa "ni vitezi tu vitapotea" na hedhi inayofuata imepita donge bado lipo palepale, rudi mama, waambie halijatoka, omba upimwe.