Kulala Mji Mkongwe, Zanzibar: angalia dirisha na ghorofa kabla ya bei

Swali la kwanza la wageni wengi ni kama chumba kinaona bahari. Kabla hujalipia mandhari hayo, jua kwamba pwani yote ya Mji Mkongwe imeelekea magharibi: Forodhani na Mizingani zinatazama kaskazini-magharibi, Shangani na Vuga kusini-magharibi. Chumba cha baharini hupigwa na jua tangu alasiri mpaka linapozama, na kuta za mawe na chokaa, nene kama nusu mita, hulishika joto hilo hadi usiku wa manane. Kama kiyoyozi kipo na kinafanya kazi, lipa ufaidi machweo. Kama kuna feni tu, hasa kati ya Januari na Machi, chukua chumba cha uani au cha uchochoroni ambako jua halipenyi, bahari ukaitazame bure Forodhani.

Mji ni mdogo, kutoka bandarini Malindi hadi Shangani unatembea kama robo saa, kwa hiyo usiongeze pesa kwa sababu tangazo limesema "karibu na kila kitu". Kila nyumba humu iko karibu na kila kitu. Tofauti ni nini kitakachokuamsha.

Shangani ndiko teksi hufika mlangoni au karibu yake, kupitia Barabara ya Kenyatta. Hoteli ni nyingi, bei ziko juu, na mapapasi, yaani madalali wa mitaani, wa kukuuzia safari za Kisiwa cha Changuu hawakosekani. Forodhani ni pazuri kwa kula mishikaki na urojo, si pa kulala mapema: moshi, taa na makelele huendelea mpaka usiku umekwenda. Februari, tamasha la Sauti za Busara likiwa Ngome Kongwe, vyumba vya jirani huadimika na muziki huingia hadi kitandani. Malindi kunamfaa mwenye boti ya asubuhi, mradi avumilie malori ya bandarini na harufu ya soko la samaki. Mkunazini, upande wa Darajani, ni rahisi kwa mfuko, ila pilikapilika za soko huanza na jua. Kwa mtu wa kukaa siku tatu au nne, tunapendelea Kiponda na Hurumzi: magari hayaingii, maduka ya mkate na maji yapo, bahari haiko mbali. Adui wa huko ni pikipiki zinazokatiza vichochoroni, basi omba chumba kisicho juu ya njia. Misikiti imejaa mji mzima. Asiyezoea adhana ya alfajiri achague dirisha lisilotazamana na spika.

Sasa nyumba yenyewe. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba, mita tatu hivi, na kitanda cha semadari kikishawekwa hapabaki pa kutandika godoro la mtoto. Mwenye familia aulize vipimo, asitegemee picha, maana kamera hupanua chumba. Chini kabisa kuna unyevu: rangi inabanduka, unga mweupe wa chumvi unatoka ukutani, mito inanuka uvundo. Juu kabisa, chini ya bati, mchana ni tanuri. Ghorofa ya kwanza au ya pili ndiyo yenye nafuu. Ukiwa na mzee mwenye maumivu ya magoti hesabu hubadilika, kwa sababu ngazi za humu ni za mwinuko mkali na vidato havilingani. Mchukulie chumba cha chini kinachofunguka uani, si cha kuta nne bila hewa.

Upepo nao una msimu. Kaskazi, Desemba hadi Machi, hufaidiwa zaidi na madirisha ya Malindi na Mizingani. Kusi, kuanzia karibu Juni hadi Septemba, huwafikia wa Vuga na kusini mwa Shangani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, bei hushuka, lakini uliza kuhusu paa linalovuja.

Kabla ya kutuma pesa, andika ujumbe mmoja wenye maswali yote:

"Assalaam aleikum. Naomba kuuliza: chumba kiko ghorofa ya ngapi, na dirisha linatazama wapi? Umeme ukikatika, jenereta inaendesha kiyoyozi au taa tu? Tangi la maji liko juu ya paa? Bei ni kwa chumba au kwa mtu, na VAT na tozo za serikali zimo? Mna bei ya wakazi? Gari linaishia wapi?"

Swali la tangi lina sababu. Umeme ukizimika, pampu inasimama. Nyumba yenye tangi la paa huendelea kupata maji mpaka liishe, isiyokuwa nalo inakauka saa hiyo hiyo. Na bei ya wakazi usipoitaja, unaweza kupewa bei ya wageni ukiwa Mtanzania. Wanandoa waulize pia kama cheti cha ndoa kinahitajika. Mwezi wa Ramadhani, uliza chakula cha mchana kinapatikana wapi, kwani migahawa mingi hufungwa hadi magharibi.

Usilipe siku zote kwa mkupuo. Lipa usiku mmoja, ukifika kagua: fungua bomba la juu uone nguvu ya maji, yaonje kidogo kwa ulimi kama yana chumvi kisha uteme, nusa mto, washa kiyoyozi dakika kumi, tandaza chandarua mbele ya mwanga utafute matundu.

Ramani za simu huchanganyikiwa vichochoroni. Mwombe mwenyeji akupokee mahali panapojulikana na kila mtu, mfano Jaws Corner au lango la Ngome Kongwe. Bandarini, patana na hamali kabla hajaushika mzigo, na umtajie jina la nyumba kamili. Papasi akikwambia imefungwa au imejaa, mpigie simu mwenyeji hapo hapo.

Kuondoka, boti ya kwanza ya Dar kwa kawaida hung'oa saa 1 asubuhi, kabla kifungua kinywa cha hoteli nyingi hakijaiva. Waambie usiku wakufungie mkate na yai, na mlinzi akufungulie mlango saa 11 na nusu. Milango hiyo mizito hukomewa kwa ndani.