Namna ya Kufungia Seli Hai Ndani ya Jeli ya Alijineti

Alijineti hutolewa kwenye mwani wa kahawia. Kati ya malighafi zinazotumika kujenga tishu maabarani, ndiyo ninayompendekezea anayeanza, kwa kuwa huganda ndani ya maji, katika joto la kawaida, pasipo kemikali kali inayoweza kuua seli. Mwaka 1980 Franklin Lim na Anthony Sun waliitumia kufungia vishungu vya seli za kongosho vinavyotoa insulini, wakavipandikiza kwa panya wenye kisukari, na njia waliyoifuata ndiyo msingi wa hatua zilizoelezwa hapa.

Kabla ya kupima chochote, elewa kinachoigandisha. Mnyororo wa alijineti umeundwa kwa asidi mbili za jamii ya sukari, guluroniki na manuroniki. Ioni za kalsiamu huingia katikati ya sehemu za guluroniki za minyororo miwili na kuishikamanisha, kama mayai yanavyokaa kwenye vishimo vya trei yake. Alijineti yenye guluroniki nyingi hutoa jeli ngumu inayovunjika upesi, na yenye manuroniki nyingi hutoa jeli laini inayonyumbulika. Chagua pia iliyosafishwa mahsusi kwa seli, kwa sababu ile ya viwandani huweza kubeba mabaki ya protini na sumu za bakteria.

Anza kwa kuandaa mmumunyo wa chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloridi, wa asilimia 0.9. Usitumie maji yenye fosfeti, hata kama ndiyo uliyozoea kuoshea seli, kwa maana fosfeti hunyakua kalsiamu na kufanya mashapo meupe, na jeli yako itabaki dhaifu. Nimewaona watu wakibadilisha alijineti mara tatu wakidhani ni mbovu, kumbe tatizo lilikuwa kwenye maji ya kuoshea.

Pima gramu 2 za alijineti ya sodiamu kwa kila mililita 100 za mmumunyo huo. Washa kwanza sumaku ya kukorogea hadi maji yazunguke, kisha nyunyiza unga kidogo kidogo. Ukiumwaga wote kwa mpigo mmoja utafanya madonge ambayo nje ni jeli na ndani ni unga mkavu, na madonge hayo huchukua saa nyingi kuyeyuka. Uache ukorogwe usiku kucha. Ili kuondoa vimelea, pitisha mmumunyo kwenye chujio lenye vitundu vya mikrometa 0.22. Kuuchemsha kwa mvuke wa shinikizo hukatakata minyororo na kuupunguzia uzito wake, kwa hiyo mimi huvumilia uchujaji ingawa ni wa polepole.

Kwa upande wa kalsiamu kloridi, tengeneza mmumunyo wa milimola 100 kwa lita. Soma lebo ya chupa kwa makini: aina isiyo na maji ndani yake huhitaji gramu 1.11 kwa mililita 100, na ile yenye molekuli mbili za maji huhitaji gramu 1.47. Kila kalsiamu kloridi moja hutoa ioni tatu, hivyo kiwango hiki hukaribiana na ukolevu wa majimaji ya mwili, na seli hazitasinyaa wala kuvimba.

Zikusanye seli kwa sentrifyuji, yaani mashine inayozungusha kwa kasi hadi seli zitulie chini, mwaga majimaji yote ya kukuzia, uzioshe kwa maji ya chumvi, kisha uzichanganye na alijineti kwa kiasi cha seli milioni 1 hadi 5 kwa mililita. Tumia pipeti yenye mdomo mpana na ukoroge mchanganyiko polepole, kwa sababu mapovu yakishaingia hayatoki kirahisi.

Vuta mchanganyiko kwa bomba la sindano na uudondoshe juu ya kalsiamu ukiwa umeishika sindano wima, sentimita chache juu ya uso wa maji. Tazama tone la kwanza kwa makini. Likiwa na mkia kama wa kiluwiluwi, mchanganyiko ni mzito mno au unaudondosha karibu mno na maji. Likibapa, punguza kimo. Ziache chembe, yaani matone yaliyoganda, humo dakika 10, uzioshe kwa maji ya chumvi, kisha uzihamishie kwenye majimaji ya kukuzia. Zikikaa siku nyingi hulainika, kwani sodiamu huchukua nafasi ya kalsiamu hatua kwa hatua, hivyo ongeza kalsiamu kidogo unapobadilisha majimaji.

Usitengeneze chembe kubwa kupita kiasi. Katika tishu yenye seli nyingi, oksijeni huzifikia seli zilizo umbali wa takriban mikrometa 100 hadi 200 tu kutoka ukingoni, na zilizo katikati ya chembe pana hufa njaa ilhali za pembezoni zinastawi.

Seli za gegedu hufurahia alijineti, kwa kuwa ndani yake hubaki na umbo lao la duara. Nyingine, zikiwemo nyingi za mifupa, zinahitaji kitu cha kujishikiza, na alijineti tupu haina. Kwa hizo, changanya jelatini, au nunua alijineti iliyounganishwa na kipande cha asidi amino tatu, yaani arginini, glisini na asidi ya aspatiki, ambacho seli hukitambua.

Utakapotaka kuzitoa tena, loweka chembe kwenye sodiamu sitreti ya milimola 55 kwa lita, nayo itanyakua kalsiamu na jeli itayeyuka ndani ya dakika chache. Zikusanye seli kwa sentrifyuji mara moja, kwani sitreti ikikaa nazo huzidhoofisha.