Anmeldung bila kuzungushwa: jinsi ya kusajili anwani yako Ujerumani

Ukihamia Ujerumani, kila ofisi utakayoingia itakudai karatasi ileile: uthibitisho kwamba anwani yako imesajiliwa. Benki nyingi wanaitaka, ofisi ya wageni wanaitaka kabla ya kukupa kibali cha kuishi, na namba ya kodi anayoisubiri mwajiri wako haitoki bila usajili huo. Shughuli yenyewe inaitwa Anmeldung, na pale kaunta inaisha upesi kuliko ulivyotarajia. Kinachokula wiki ni kuifikia hiyo kaunta ukiwa na makaratasi kamili, hasa moja ambalo serikali haitoi.

Kwanza sheria, kwa kifupi. Tangu Novemba 2015 kuna sheria moja ya usajili kwa nchi nzima, na inakupa wiki 2 kujisajili. Hesabu inaanza siku uliyohamia kwenye nyumba, si siku uliyoshuka kwenye ndege wala siku uliyosaini mkataba. Kujisajili kabla ya kuhamia hairuhusiwi. Ukichelewa, faini inaweza kufika euro 1,000, ingawa miji mikubwa nafasi za miadi zenyewe huwa za mbali kuliko hizo wiki 2 na makarani wanalijua hilo. Kwa kawaida aliyeomba miadi mapema hasumbuliwi, kwa hiyo barua pepe ya uthibitisho wa miadi usiifute. Anayekuja kutembelea ndugu kwa muda usiozidi miezi 3, huku makazi yake yakiwa nje ya nchi, haya hayamhusu.

Karatasi ya mwenye nyumba

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Mtu anakwenda na mkataba wa pango wenye kurasa 20, umesainiwa kila ukurasa, na bado anarudishwa. Mkataba si kitu kinachotakiwa. Kinachotakiwa ni Wohnungsgeberbestätigung, karatasi ya ukurasa mmoja ambayo aliyekupa nyumba anathibitisha kwamba umehamia. Lazima iwe na jina na anwani yake, jina la mwenye mali kama si yeye, anwani kamili ya nyumba, tarehe ya kuhamia na majina ya wote waliohamia. Mke na watoto wakikosekana kwenye karatasi hiyo, utasajiliwa peke yako.

Fomu tupu iko kwenye tovuti ya mji wowote. Ipakue, ijaze mwenyewe kila mahali, umpelekee asaini tu. Ukimwachia aandike yeye, itakaa mezani kwake hadi wiki 2 zikuishie.

Si lazima asaini mwenye jengo. Kama umepangishwa chumba na mpangaji mkuu, yeye ndiye aliyekupa makazi na saini yake inakubalika. Tatizo ni kwamba wapangaji wakuu wengi wanapangisha vyumba bila ruhusa ya mwenye nyumba, na hawataki jina la pili lionekane popote. Ndiyo maana matangazo mengine yana maneno "Anmeldung nicht möglich", yaani hapo hutajisajili. Chumba cha namna hiyo kinakufaa kwa wiki mbili tatu za kutafuta kingine, si zaidi, hata kama bei yake inavutia. Kabla ya kutuma amana, uliza kwa maandishi: "Ist die Anmeldung möglich?", yaani je, naweza kujisajili hapo? Akikujibu kwa maneno matamu yasiyo na ndiyo wala hapana, hiyo ni hapana. Na anayetaka amana kabla hujauona mlango, akiahidi kukutumia ufunguo kwa posta, huyo ni tapeli, msipoteze muda kujadiliana.

Sheria inamlazimisha aliyekupa nyumba kutoa karatasi hiyo. Akikataa, wewe una wajibu wa kuiarifu ofisi ya usajili mara moja, na wao ndio watakaomfuata. Usijaribu njia ya mkato ya kununua anwani kwa mtu. Anayetoa anwani kwa asiyeishi hapo anaweza kupigwa faini hadi euro 50,000, na hata asipokamatwa, barua zako zote za serikali zitakuwa zinaingia kwenye sanduku lake.

Miadi

Jina la ofisi linabadilika kwa mji: Berlin ni Bürgeramt, München na Stuttgart ni Bürgerbüro, Köln ni Kundenzentrum. Kwenye orodha ya huduma chagua "Anmeldung einer Wohnung". Ukikosea ukachagua Abmeldung, umeomba kufutwa, na karani hatakubadilishia hapo hapo kwa huruma. Karani wa Kijerumani hakwambii "njoo kesho". Anakwambia uchukue miadi mingine, na miadi mingine ni ya mwezi ujao.

Berlin unaweza kwenda Bürgeramt ya wilaya yoyote, si lazima ya kwako, kwa hiyo tafuta nafasi kwa mji mzima na uwe tayari kupanda treni hadi pembezoni. Kalenda ikionyesha imejaa, usikate tamaa. Nafasi zilizofutwa na wengine hurudi wakati wowote wa siku, hasa asubuhi ofisi zinapofunguliwa, na huchukuliwa ndani ya dakika chache, hivyo uwe na jina na barua pepe tayari kubandika. Unaweza pia kupiga simu 115, namba ya huduma za serikali. Wanaouza miadi mtandaoni waache: usajili wa anwani Berlin ni bure. Na ule usajili wa kielektroniki unaosifiwa umetengenezwa kwa wanaohama ndani ya Ujerumani wakiwa na kitambulisho chenye chipu. Aliyetoka nje ya nchi anakwenda kwa miguu yake.

Fomu, na kisanduku cha dini

Kwenye fomu ya usajili, majina yaandike kama pasipoti inavyosema, kwa mpangilio uleule: la ukoo kwenye Familienname, mengine yote kwenye Vornamen. Usifupishe jina la kati kwa herufi moja. Anwani ya zamani ni ile ya nyumbani, na nchi uiandike. Einzugsdatum, siku ya kuhamia, iwe tarehe ileile iliyo kwenye karatasi ya mwenye nyumba. Tofauti ya siku moja inatosha kuzua maswali.

Kisha kuna kisanduku cha Religionszugehörigkeit, yaani dini yako. Kinaonekana kama swali la adabu tu, kumbe ni cha pesa. Ukiandika rk, Mkatoliki, au ev, Mprotestanti wa makanisa ya Kijerumani wakiwemo Walutheri, utakatwa kodi ya kanisa kwenye mshahara. Kiwango ni asilimia 8 ya kodi ya mapato Bavaria na Baden-Württemberg, na asilimia 9 majimbo mengine. Ni asilimia ya kodi, si ya mshahara: ukikatwa kodi ya mapato euro 400 kwa mwezi ukiwa Berlin, kanisa linachukua 36. Mwanafunzi asiyelipa kodi ya mapato hakatwi kitu.

Wanaoumia bila kujua ni walokole. Wanaliona neno evangelisch, wanadhani ndio wao, wanaweka alama, halafu wanachangia kila mwezi kanisa wasilolijua hata mlango. Kama kanisa lako haliko kwenye mfumo huo, andika "keine", yaani hakuna, au acha wazi. Waislamu hawana kodi hii. Mkatoliki au Mlutheri aliyebatizwa ajibu ukweli, kwa sababu kanisa linahesabu ubatizo wake. Asiyetaka kulipa njia yake ni kujitoa rasmi, mahakamani au kwa msajili wa ndoa kutegemea jimbo, tena mara nyingi kwa ada. Kwa Wakatoliki hilo si jambo dogo: maaskofu wa Ujerumani walitangaza mwaka 2012 kwamba anayejitoa hapokei tena sakramenti.

Kaunta

Beba pasipoti yenye viza, fomu, na karatasi ya mwenye nyumba, zote halisi. Familia iongeze vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa vikiwa na tafsiri ya Kijerumani ya mtafsiri aliyeapishwa. Mtu mmoja anaweza kuisajili familia nzima akiwa na pasipoti zao. Lugha ya ofisi ni Kijerumani, na karani anayejua Kiingereza hana wajibu wa kukizungumza, kwa hiyo nenda na mtu wa kukusaidia. Fika mapema ukodolee macho skrini. Namba yako ikipita wakati uko chooni, imepita.

Ukipewa Meldebestätigung, karatasi ya uthibitisho wa usajili, isome hapo hapo ukiwa bado umekaa kwenye kiti: jina, tarehe ya kuzaliwa, dini. Kosa likigunduliwa mezani linarekebishwa kwa dakika moja. Likigunduliwa nyumbani, ni miadi mingine.

Bandika jina kwenye sanduku la barua

Hatua hii haiko kwenye fomu yoyote, na ndiyo inayopoteza barua nyingi kuliko zote. Anwani za Ujerumani kwa kawaida hazina namba ya nyumba ndani ya jengo. Tarishi anafika kwenye mlango wenye masanduku 20, kila moja na jina la ukoo, na anatafuta la kwako. Asipoliona, barua inarudi ilikotoka. Umepanga chumba tu? Bandika karatasi yenye jina lako chini ya la mpangaji mkuu, siku hiyohiyo unayohamia.

Barua ya kwanza ya maana ni ya namba ya kodi, Steueridentifikationsnummer, yenye tarakimu 11. Inatumwa yenyewe wiki chache baada ya usajili, kwa posta tu. Bila hiyo mwajiri anaweza kukuweka daraja la VI la kodi, lenye makato makubwa kuliko yote. Ikipotea, nenda na pasipoti Finanzamt, ofisi ya kodi, ya eneo lako. Mara nyingi watakupa hapo hapo, wakati kuiomba upya kwa barua ni kuanza kusubiri tena.

Ya pili itadai Rundfunkbeitrag, mchango wa redio na televisheni ya umma, euro 18.36 kwa mwezi. Usiitupe ukisema huna televisheni, haijalishi. Lakini ni kwa nyumba, si kwa mtu: kama mwenzako wa nyumba analipa, muombe namba yake ya malipo uijibie barua hiyo, na wewe hutalipa.

Siku ukihama Ujerumani kabisa, fanya Abmeldung. Inapokelewa kuanzia wiki 1 kabla ya kuondoka hadi wiki 2 baada yake. Cheti chake kipige picha kabla ya kukifungia kwenye sanduku la safari, kwa sababu huo mchango wa redio utaendelea kudaiwa hadi uwaonyeshe kwamba umeondoka.