Kuinua siti ya pikipiki kwa mwenye miguu mirefu

Mpwa wangu anabeba abiria na mizigo kati ya Tanga mjini na Pangani, kwa njia ya Tongoni na Kigombe. Ni mrefu, na pikipiki yake ya cc 150 ina siti iliyo karibu sentimita 80 kutoka ardhini, kama nyingi zinazoegeshwa Ngamiani. Juzi alinifuata kibandani akichechemea. "Shikamoo mjomba. Magoti yameniisha. Nikishuka lazima nishikilie tanki kwanza ndipo niweze kutembea." Tuliinua siti yake, na wenzake wa kijiweni wameanza kuniuliza tumefanyaje. Naandika hapa ili kila mmoja afanye mwenyewe, maana kazi hii haihitaji karakana.

Siti ikiwa chini mno kwako, goti linakunjika kupita kiasi na linabaki hivyo saa nzima. Ukikuta shimo huwezi kusimama upesi juu ya vikanyagio, kwa hiyo pigo lote linaishia kiunoni. Sentimita 3 au 4 tu zinatosha kulifungua goti, na kusimama kunakuwa kwepesi.

Kuna wanaoinua kwa chini: wanaweka vipande vya mbao kati ya fremu na siti, kisha wanafunga bolti ndefu. Njia hiyo siikubali hata kidogo. Ile plastiki ya chini ya siti imetengenezwa ikalie vipira vyake juu ya fremu, sehemu kadhaa kwa pamoja. Ukiiinua kwenye bolti peke yake, katikati inaning'inia, inacheza kila ukipita tuta, na mwisho inapasuka. Ule ulimi wa mbele unaoingia chini ya tanki nao haushiki tena sawasawa. Juu ya hayo unaacha uwazi wa kuingiza vumbi na maji ya mvua kwenye betri. Siti ibaki pale kiwanda kilipoiweka, kinachopanda kiwe sponji.

Vifaa: sponji gumu, yaani lile la vipandevipande vya rangi mbalimbali vilivyogandamizwa pamoja, sponji laini la sentimita 1 la kutandika juu, gundi ya viatu ya kopo, nailoni nzito, leza mpya, yaani ngozi ya bandia ya kuvika siti, stepla ya siti na pini za milimita 6, msasa wa kukwaruza, na kisu cha mkate chenye meno. Ukikosa kisu, chukua ubapa wa msumeno wa kukatia chuma bila fremu yake. Wembe na visu vya jikoni visivyo na meno vinavuta sponji badala ya kulikata.

Kuhusu sponji usikubali kubembelezwa na muuza duka. Sponji la godoro la bei nafuu lina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita moja ya ujazo. Lile la vipande hufika kilo 60 na kuendelea. La godoro utalikalia asubuhi likiwa na sentimita 5, na ukifika Kigombe unakalia plastiki. Wengine watakushauri usumba, kwa kuwa minazi tunayo. Usumba naupenda kwenye makochi. Kwenye pikipiki nyuzi zake hutoboa leza kwa chini, na maji yakiingia kupitia matundu hayo siti inanuka.

Hatua ya 1. Toa siti, ng'oa pini za zamani kwa bisibisi na plaizi, vua leza taratibu ili uitumie kama kielelezo cha kukatia mpya. Sponji la kiwandani usilibandue, limefinyangwa kufuata plastiki yake. Libonyeze kwa dole gumba: likirudi, lina uhai na tutajenga juu yake.

Hatua ya 2. Tafuta kimo chako. Hapa ndipo watu wanapoharibu kazi nzima, kwa hiyo tusikimbie. Rudisha siti juu ya fremu bila leza. Simamisha pikipiki kwenye sakafu tambarare, stendi ikiwa juu, mwenzako ashike usukani. Vaa viatu unavyofanyia kazi. Kata vipande vya plaiwudi vya unene wa sentimita 1, upana wake usizidi upana wa siti pale unapokalia. Weka kimoja, kaa, shusha miguu yote miwili. Ongeza cha pili, kaa tena. Endelea mpaka visigino vianze kuachana na sakafu, kisha toa kipande kimoja. Hicho ndicho kimo chako.

Nimetaja upana kwa makusudi. Kinachokuzuia kufika chini si urefu wa siti peke yake. Siti pana inayasukuma mapaja nje, na mguu unaokwenda upande haufiki mbali. Nimeona siti iliyopanda sentimita 2 ikamshinda mtu, na nyingine ya sentimita 4 iliyochongwa vizuri mbele ikamkubali mtu yuleyule.

Pima bila abiria na bila mzigo. Ukipakia gunia la nazi, shokomzoba zinashuka na utadhani una nafasi ya kuongeza. Jioni ukirudi mtupu miguu inaning'inia. Kama njia zako ni za milimani, mathalani kutoka Muheza kupanda Amani, punguza sentimita 1 kwenye kimo ulichopata. Kwenye mteremko ukisimama, mguu mmoja unatafuta ardhi iliyo mbali kuliko mwingine, na hapo ndipo pikipiki inapolala na abiria wake.

Plaiwudi haibonyei, sponji linabonyea hata likiwa gumu. Kwa hiyo ukipata sentimita 3 kwa mbao, kata sponji la sentimita 3 na lile laini la sentimita 1 litafidia. Zaidi ya sentimita 5 kwa jumla mimi sifanyi kazi hiyo, hata mtu akiniongezea hela. Uzito wako unapanda juu mno, na kwenye mchanga pikipiki inayumba. Mikono nayo inaanza kuinama kuufuata usukani, basi maumivu ya magoti unayahamishia mabegani.

Abiria naye ana haki yake. Siti nyingi zina bonde kwa dereva na mwinuko kwa abiria. Ukilijaza bonde lote mpaka likawa sawa na nyuma, kila ukishika breki abiria anakuja mgongoni mwako. Acha ngazi ndogo ya sentimita 1 au 2. Ikiwa kimo chako hakiachi ngazi hiyo, inua na upande wa abiria kidogo.

Hatua ya 3. Kwaruza uso wa sponji la zamani kwa msasa, futa vumbi, paka gundi pande zote mbili. Halafu subiri. Gundi ya viatu haibandiki ikiwa mbichi. Iguse kwa kidole, ikiacha kuvuta nyuzi ndipo uunganishe. Masika hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, itachukua muda mrefu kuliko maelezo ya kwenye kopo. Fanyia kazi hiyo nje penye upepo, mvuke wake unalevya na unashika moto. Ukishagusanisha hutaweza kusogeza, kwa hiyo anza katikati ukienda pembeni.

Hatua ya 4. Chonga. Sehemu ya mbele, mapaja yanapopita, iteremke kwa mviringo kama bega la mtumbwi. Ukiacha kona, itakata damu ya miguu. Maliza kwa msasa, kisha bandika sponji laini juu.

Hatua ya 5. Usivike leza bado. Funika siti kwa nailoni, ifunge kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, fanya nayo kazi siku nzima. Palipobana utapajua kabla ya saa sita mchana. Rudi na msasa upunguze. Ukishavika leza, kila rekebisho ni pini kung'olewa na leza kutoboka upya.

Hatua ya 6. Kama umeinua zaidi ya sentimita 2, leza ya zamani haitatosha. Mpelekee fundi mwenye cherehani ya kushonea ngozi, mwambie mshono asiupitishe katikati unapokalia. Tandika nailoni nzito juu ya sponji, kwa sababu mshono wowote unapitisha maji. Anika leza juani ilainike, piga pini katikati mbele, katikati nyuma, kisha kushoto na kulia kwa zamu, kona mwisho. Tafuta pini zisizoshika kutu hata kama ni ghali. Hewa ya chumvi inakula zile za kawaida, na leza huanza kuachia ukingoni.

Hatua ya 7. Rudisha siti, hakikisha ulimi wa mbele umeingia mahali pake, kaza bolti, na uzikaze tena baada ya wiki. Rekebisha vioo kabla ya kuondoka. Macho yako sasa yako juu zaidi, na vioo ulivyoviacha vitakuonyesha magoti ya abiria badala ya gari linalokuja nyuma.