Mtoto Ajilishe Mwenyewe: Kuanza Vyakula vya Nyongeza Hatua kwa Hatua

Katika kazi yangu ya kuwashauri wazazi kuhusu lishe ya watoto, swali ninaloulizwa kila mara ni moja: mtoto asiye na meno atakulaje kipande cha kiazi? Atakula. Ufizi wake una nguvu ya kusaga chochote kinachopondeka kati ya vidole viwili. Kazi yako ni kuandaa chakula kwa usalama, kumkalisha vizuri, kisha kuizuia mikono yako isimsaidie. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Hatua ya 1: Hakikisha yuko tayari

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtoto anyonye maziwa ya mama pekee hadi afikishe miezi 6, kisha aanze vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Lakini umri peke yake hautoshi. Mtazame mwanao. Je, anakaa wima bila kushikiliwa sana? Shingo imekaza? Anaokota kitu na kukifikisha mdomoni mwenyewe? Chakula kikigusa ulimi, ulimi haukisukumi nje? Yote manne yawepo. Kuamka usiku au kutafuna ngumi si dalili ya kutosha.

Mtoto aliyezaliwa njiti, mwenye shida ya kumeza au mwenye misuli dhaifu aonwe na daktari kwanza.

Hatua ya 2: Mkalishe, na uchague wakati

Mgongo uwe wima na miguu ikanyage kitu. Kiti kirefu cha mtoto kinafaa, hata mapajani mwako panafaa. Asile akiwa amelala, anatambaa au yuko ndani ya gari linalotembea.

Usimwanzishe akiwa na njaa kali. Mpe maziwa yake kwanza, halafu chakula kifuate baada ya nusu saa au saa moja. Mwenye njaa kali hana subira ya kujifunza, ataishia kulia tu.

Hatua ya 3: Kata kulingana na mkono wake

Mtoto wa miezi 6 hushika kwa kiganja kizima, na akishafumba ngumi hajui kuifungua ili apate kilichobaki ndani. Kwa hiyo kipande kiwe na urefu na unene wa kidole cha mtu mzima, nusu ishikwe, nusu ichomoze. Vipande vidogo vya mchemraba, ambavyo wengi huvidhania kuwa ndivyo salama, katika umri huu havishikiki. Vitamfaa akianza kuokota kwa kidole gumba na cha shahada, kwenye miezi 9 hivi.

Pima ulaini kila mara: bonyeza kipande kati ya vidole viwili. Kisipopondeka, kirudishe jikoni. Viazi vitamu, boga na karoti vichemshwe hadi vilainike kabisa. Yai likaangwe mpaka liive lote, kisha likatwe vipande virefu. Parachichi huteleza, hivyo acha ganda kidogo upande wa kushikia, ukiwa umeliosha, na uhakikishe halibanduki mdomoni.

Hatua ya 4: Usisahau madini ya chuma

Hapa ndipo ninapoona pengo kubwa. Kwa kuwa matunda na mboga ni rahisi kushika, mzazi hujikuta anatoa hivyo tu wiki baada ya wiki. Akiba ya chuma ambayo mtoto alizaliwa nayo hupungua anapokaribia nusu mwaka, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Ndiyo maana kila mlo uwe na kitu chenye chuma: nyama ya kusaga iliyofinyangwa kama kidole na kuiva vizuri, ukanda mrefu wa nyama laini anaoweza kufyonza, au maharage yaliyopondwa na kutengenezwa vibonge laini virefu. Ini lina chuma kingi, lakini lisizidi mara moja kwa wiki kwa sababu ya wingi wa vitamini A. Kando yake weka tunda au mboga yenye vitamini C, maana husaidia mwili kufyonza chuma cha maharage na mboga. Ongeza na chakula cha kutia nguvu.

Yai na karanga usizicheleweshe bila sababu. Karanga ziwe siagi laini iliyopakwa nyembamba au kuchanganywa kwenye chakula. Anza na kiasi kidogo, kimoja kimoja, na umwangalie. Mwenye ukurutu mkali au mzio mwingine wa chakula aongozwe na daktari.

Vya kuepuka: asali kabla ya miezi 12 (kwa hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayolegeza misuli); chumvi na sukari; maziwa ya ng'ombe kama kinywaji kikuu kabla ya mwaka. Pia karanga nzima, bisi, pipi, karoti na tufaha mbichi, soseji za kukata mviringo. Zabibu zikatwe mara nne kwa urefu.

Hatua ya 5: Jua tofauti ya kutaka kutapika na kusakamwa kabla ya mlo wa kwanza

Mtoto atakohoa, atatoa ulimi, uso utakuwa mwekundu, atafanya kama anataka kutapika. Hiyo ni kinga. Kwa watoto wadogo sehemu inayoamsha hali hiyo iko mbele zaidi kwenye ulimi, hivyo chakula hurudishwa mapema. Tulia, mwache akirudishe. Usimtie kidole mdomoni, kwani unaweza kukisukuma chakula ndani zaidi.

Kusakamwa ni kimya. Halii, hakohoi, hapumui vizuri, midomo inaanza kuwa ya bluu. Ita msaada na uanze mara moja: mlaze kifudifudi kwenye mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kiwiliwili, ukishikilia taya. Mpige mara 5 kwa kisigino cha kiganja katikati ya mabega. Kisipotoka, mgeuze chali na ukandamize katikati ya kifua mara 5. Rudia kwa zamu. Akipoteza fahamu, anza kumhuisha, yaani kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi. Nakusihi ujifunze haya kwa vitendo kwa mkufunzi wa huduma ya kwanza.

Hatua ya 6: Weka, kaa, tazama

Weka vipande viwili au vitatu mbele yake, ukae naye na ule pia. Atakikamata kiazi kwa nguvu mpaka kipenye katikati ya vidole, atalamba kiganja, atakipaka shavuni, kisha atapata tonge dogo na kukunja uso. Huko ndiko kujifunza kula. Mwanzoni kinachoingia tumboni ni kidogo, na maziwa bado ndiyo chakula chake kikuu.

Akigeuza kichwa, akifunga mdomo au akianza kurusha vyakula, mlo umekwisha. Usimbembeleze.

Anza na mlo mmoja kwa siku, ufike 2 hadi 3 kati ya miezi 6 na 8, kisha 3 hadi 4 kuanzia miezi 9. Kijiko hakijakatazwa: kijaze chakula kizito, umpe akishike mwenyewe. Maji kidogo yawe kwenye kikombe. Uzito usipoongezeka, au akikataa kila chakula wiki hadi wiki, mpeleke kliniki.